Lukapu na Vidole vya Papa Ilunga

Juma lililopita nilipeleka sandale yangu kwa mushonaji wa viatu pale sokoni. Alikuwa anapakaa mafuta kwenye mukanda wa zamani, na ile harufu ya ngozi, mafuta na jasho lenye kukauka iliniingia mupaka nikasahau kitu chenye nilikuja kuomba. Aliniuliza mara mbili, "Mama, tushone ao tugundishe?" Mimi nilikuwa tayari juu ya mugongo wa Bibi.

Bibi alikuwa farasi jike, rangi ya chai yenye maziwa. Naandika vile nakumbuka. Masomo yangu iliishia darasa la saba, na dada yangu mukubwa anasema kwamba Bibi alikuwa mweusi-mweusi. Labda yeye njo mwenye haki.

Miaka ya makumi kenda ilikuwa karibu kuisha. Vita ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa inaleta watu kwa mitumbwi, na sisi tulikuwa tumetangulia kuvuka, kutoka Kilwa, ile ya upande wa Lubumbashi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwenye barabara ya kwenda Kabuta kulikuwa muzungu mumoja mwenye shamba na farasi mbili, na mwenye kuzichunga alikuwa Papa Ilunga, mutu wa Lubumbashi. Kule alikuwa amechunga farasi za wazungu wenye kuzirukisha juu ya miti yenye kulazwa, mupaka nywele zake zikakuwa nyeupe. Wenye kubeba samaki kwa kinga, zile baiskeli zao, walikuwa wanapita na kumuchokoza:

"Papa, uyu punda yako anakulaka samaki?"

"Anakulaka tu bale benye kuuliza! Na haiko punda!"

Wakati wa likizo ya mwezi wa munane, dada ya yule muzungu alikuja kutoka kusini. Tulimuita Madamu. Alisema kwamba atafundisha watoto sita kurukisha farasi kwa majuma mawili. Siku ya posho ya mwisho, ile Jumamosi, mutoto mwenye ataruka miti tatu bila farasi kusimama, njo ataendelea kupanda Bibi mwaka muzima, juu farasi asikae bule na kunona. Mwaka muzima! Mimi, mwenye hata kinga sikukuwa nayo. Nilikuwa naamuka mbele ya jua kutoka, nakimbia kule shamba.

Sasa niseme ukweli juu ya Madamu, maana kwa miaka mingi sikuusema. Alijua kufundisha. Alichora njia katika muchanga na fimbo, akatuambia tukimbie kwa miguu yetu wenyewe, tukihesabu hatua kati ya muti na muti kama vile sisi njo farasi. Aliweka miti chini kwanza, nyuma ya siku mbili akaipandisha juu ya matofali, kiisha juu ya mapipa matupu ya mafuta. Hakucheka mutu mwenye kuanguka. Lakini alifundisha kwa sauti. Kutoka unapoanza kukimbia mupaka unashuka, alikuwa anapaaza: visigino! mikono! mugongo! Yote kwa Kiingereza, na Chanda njo alikuwa anatugeuzia. Chanda, binti mumoja kati yetu sita, alikuwa Mubemba wa pale pale, mwenye kusoma kwa Kiingereza, mutoto wa mama mwenye kuuzisha samaki. Kiswahili yake ilikuwa ya soko, lakini ilitosha.

Na kila mara unapokaribia muti, Madamu alipaaza neno moja kubwa kupita yote: "Lukapu! Lukapu!"

Nilielewa mara moja, hata sikungoja Chanda ageuze. Lukapu ni jina la muti. Nani angefikiri ingine? Unafika karibu ya muti, anaita "lukapu". Unapita muti, ananyamaza. Basi mimi, mwanafunzi mwenye bidii, akisema lukapu natumbua macho juu ya lukapu, siiachi hata kidogo. Na Bibi, kila mara, anafika pale, anaangalia mahali naangalia, anasimama. Mara mbili nilipita juu ya kichwa chake mimi peke yangu. Madamu alikuwa anashika mabega yangu na kusema kitu kwa upole, na Chanda anageuza: "Anasema usiogope." Sikukuwa naogopa! Ile iliniuma kuliko kuanguka.

Papa Ilunga hakufundisha kwa maneno. Saa za jioni, Madamu akiisha kwenda kunywa chai, alituacha tupande bila kiti cha ngozi, kamba tu. Alikuwa anasimama mbali, ng'ambo ya muti, mukono juu. Ukiisha kuruka, anauliza:

"Vidole ngapi?"

"Tatu, Papa."

"Muongo. Ilikuwa ine. Rudia."

Hakutuambia kwa nini. Tuliona ni muchezo wa muzee. Lakini kwa kutafuta vile vidole, niliruka, na Bibi hakusimama hata mara moja. Kuko kitu sijui kukiandika vizuri: pale farasi anaacha udongo, sauti ya miguu inakatika, na unasikia tu pumzi yake na upepo wa ziwa. Ni fupi sana. Sijapata tena kitu kama kile.

Siku ya posho ilifika, na Papa Ilunga hakukuwa pale. Mutumbwi ulikuwa umeleta habari kwamba kaka yake alivuka, akaenda kumutafuta. Nilikimbiza Bibi, nikatafuta vidole ng'ambo, nikaona nyasi tu. Hapo Madamu akaita, "Lukapu!" Macho yangu ikashuka pale pale juu ya muti. Bibi akasimama. Nikaanguka.

Chanda aliruka yote tatu. Alikuja kukaa pembeni yangu, mugongo wangu ukiwa bado na muchanga.

"Iwe, wewe! Anasema lukapu, juu ya nini unaangalia chini?"

"Si naangalia lukapu?"

"Lukapu gani?"

"Ile! Muti!"

Alinitazama, kiisha akalala chini kwa kucheka. "Awe! Lukapu haiko muti! Ni Kiingereza: angalia juu! Angalia mbele!" Akaenda kumwambia Madamu, naye akacheka, wote wakacheka. Lakini Madamu njo alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alikuja, akashika kamba ya Bibi, akaniletea, akaonyesha ule muti: rudia. Chanda mwenyewe alisema, "Panda, ile haikukuwa kosa yako."

Nilisema hapana, asante. Nilienda nyumbani kwa miguu.

Kwa miaka mingi nilihadisia watu kwamba nilinyimwa Bibi na muzungu mwenye kupaaza sauti. Haikukuwa haki. Yeye na Papa Ilunga walifundisha kitu kimoja, mumoja kwa kinywa, mumoja kwa vidole. Hakuna kati yao aliuliza nilisikia nini. Na mimi pia sikuuliza. Nilikuwa na kinywa.

Mwaka ule wote Chanda alikuwa anapita na Bibi mbele ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu, anamupeleka kunywa maji kwenye ziwa. Nilikuwa naanika samaki. Alikuwa anasimama na kuniita nikuje, "Iwe, kuya! Tupande bawili!" Niliinamisha kichwa juu ya samaki kama vile sikusikia. Aliita mara tatu, ao ine, siku mbalimbali. Kiisha akaacha kuita. Mwaka wenye ulifuata yule muzungu aliuzisha shamba, na lori ilikuja kubeba farasi.

Nilijua kulilia Bibi. Chanda sikumulilia, maana sikujua kama yeye pia nilikuwa namupoteza. Yeye aliolewa mbali, na sijui nani atamupelekea jibu la kule kuniita kwake. Jibu lilikuwa fupi, hata kwa Kiswahili ya soko angelielewa: Ningojee, nakuya.