Kipimajoto Kisichodanganya

Muuza dawa wa Kasulu mjini alinichagulia kipimajoto kwa kujipima mwenyewe kwapani, kisha akanipima mimi. Namba zilikaribiana.

“Hiki hakidanganyi, mzee,” akasema. “Ukikitilia shaka, mpime mwenzako asiyeumwa, ulinganishe.”

Mwenzangu yupi? Tangu nimzike mke wangu, aliyekuwa akinipima homa kwa mgongo wa kiganja, nyumbani nimebaki na mbuzi tu.

Mwezi uliofuata homa ikanishika. Kipimajoto kikaonyesha thelathini na tisa, na nilijua ni kweli, maana meno yalikuwa yakigongana. Hata hivyo nilijikokota nacho hadi dukani nikafoka: “Umeniuzia kibovu!”

Akaniwekea mkono shingoni. “Pole, mzee. Unaungua.”

Nikanyamaza, asije akauondoa.