Majani ya Chai Bafuni

Harufu ya majani ya chai yaliyolowa huniuma moyo hadi leo. Ninyi mnasikia kifungua kinywa. Mimi nasikia bafu la nyumba yetu ya Newtown, Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Aabo, ndivyo tulivyomwita baba, amepiga magoti kando yake.

Aabo alilelewa Isiolo, na huko alikuwa fundi wa pampu za visima. Birmingham ilimpa kazi ya kufungasha kuku. Siku za mapumziko aliunda pampu yenye gamba la plastiki angavu, akaizamisha katika bafu lililojaa maji, akatia majani ya chai. Watu wote hupima maji yanayotoka, alisema; nani ameyatazama yakiwa ndani? Sisi tulioga kwa ndoo. "Nyumba ina fundi wa maji na hakuna anayeoga," Mama alilalamika. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Aabo akajibu, naye ameinama kweli.

Na aliona. Majani hayakuingia sawasawa kwenye impela, lile gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji. Mengine yaligonga ncha za mapanga, yakageuka, yakarudi mlangoni kuyazuia yaliyokuwa yakiingia. Hapo ndipo nguvu ilipopotea, na hapo ndipo pampu za Isiolo zilipolika chuma. Akachonga impela nyingine, ncha zake zimelala kufuata njia ya maji. Majani yakapita kwa adabu, kama watu wanaoingia msikitini.

Jirani akatuletea injinia wa kiwanda cha pampu. Akiridhika, Aabo angepata kazi kwenye karakana yao na kuagana na kuku. Mkalimani nikawa mimi, wa miaka kumi, niliyeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza tu. Sisi watoto ndio tuliokuwa midomo ya wazazi wetu, kwa daktari na shuleni, na hakuna aliyetukagua.

Aabo alieleza kwa kirefu, kidole kikizunguka hewani. Yule mzungu akatazama chai iliyoelea bafuni, akatabasamu. Niliona haya, jamani, haya ya kutaka ardhi inimeze. Maelezo yote yale nikayageuza sentensi moja: baba anasema pampu hii ni nzuri zaidi. Mgeni akauliza kwa nini. Bila kumgeukia Aabo, nikasema ameisugua vizuri.

Mgeni akashukuru, akaenda zake.

"Umemwambia yale ya mlangoni?" Aabo akaniuliza.

Nikamwambia kwamba nimesema yote.

"Basi kosa liko humu," akasema, akapiga magoti tena kando ya bafu.

Akaendelea kuichonga, miezi, ile impela ambayo haikuwa na kosa. Mapanga yakawa membamba mpaka moja likakatika. Siku hiyo alizibua bafu, akabeba kila kitu akakitupa jalalani. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuoga.

Alifungasha kuku mpaka mgongo ukamshinda, na alikufa akiamini macho yake yalimdanganya. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa nilichokifanya, naye alikuwa bado hai, akinipigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilinyamaza. Miezi yote ile alikuwa akitafuta ndani ya maji kosa lililokuwa kinywani mwangu.