Kundi Lisilotakiwa Kupona

Siku kichwa changu kiliporudi, nesi aliyekuwa ananipima alitaka kulia. Na si kwa furaha, jamani.

Tulieni niwape kisa chote.

Mimi ni muuza dawa kwenye duka la mtu. Niliugua saratani ya titi, nikakatwa, nikamaliza dripu zote, ndugu wakanipongeza. Hakuna aliyeniambia kwamba titi likiondoka, akili nayo inaomba ruhusa.

Nilikuwa naingia stoo nasimama katikati, sijui nimefuata nini. Siku moja nikampa mama mwenye kichanga dawa ya kikohozi ya watu wazima. Bahati yake alisoma chupa kabla ya kuondoka.

Bosi akanitoa kaunta, akanipa kitambaa nifute rafu. Kaunta akamweka shemeji yake, binti anayetafuta dawa ya minyoo kwenye rafu ya sabuni. Akasema kichwa changu kikirudi, nitarudi. La sivyo, mwisho wa mwaka tuagane.

Ndipo nikasikia hospitalini kuna nesi anafanya utafiti. Wanawake waliopona saratani ya titi wanafundishwa kutuliza mawazo, halafu wanapimwa kumbukumbu. Nikakimbilia huko.

Nesi mwenyewe alikuwa anasomea digrii ya juu, na alihakikisha tunalijua hilo kabla hata hatujakaa. Tukambatiza Digrii.

Akatugawa kwa kura. Kundi la kwanza likaingia kwenye chumba cha mikeka laini, muziki wa taratibu na mwalimu wa kupumua. Sisi tukapelekwa chumba cha pembeni, viti vya plastiki na feni isiyozunguka.

"Na sisi tunafanya nini?" nikauliza.

"Nyinyi mnakaa tu, dada. Muda uleule, bila mafunzo. Ni kwa ajili ya kulinganisha."

Kukaa tu! Kazi yangu inakwenda, halafu mtu mzima ananiambia nikae ili wenzangu waonekane wamepona. Nilimdharau tangu hapo na sijaona sababu ya kuacha.

Alitukataza kusoma. Alitukataza kujaribu mazoezi ya wenzetu, hata kuchungulia mlangoni. Kuongea hakukataza. Kwake, maongezi ya wanawake kwenye viti vya plastiki hayakuwa kitu.

Basi kila wiki tukawa tunamsema.

Fundi cherehani mmoja aliigiza mwendo wake. Bibi mmoja mstaafu wa posta aliiga wale wa chumba cha mikeka wanavyovuta pumzi, tukashika mbavu. Tukimalizana na Digrii tunahamia kwa bosi wangu, kisha kwa mawifi wanaouliza kama kidonda bado kinanuka.

Siku moja yule fundi akasema alisahau jina la mwanawe mbele ya mwalimu wa mtoto huyo shuleni. Kumbe si mimi peke yangu. Nililia palepale, nikafuta pua kwa mkono wa blauzi, tukaendelea kusengenya.

Siku ya mwisho Digrii alinisomea orodha mpya ya maneno kumi na matano. Nikayarudisha yote. Akanitazama kama nimemwibia.

"Kundi lenu lote limefanya hivi," akasema. "Mmelingana na waliofundishwa."

"Si habari njema hiyo?"

"Dada, kundi lenu halikutakiwa kupona. Sasa nitaandika nini?" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mlikuwa mnafanya nini mle ndani?"

"Tulikuwa tunakusema wewe."

Akadhani natania. Akashika kalamu, akaandika mbele ya macho yangu: hawakufanya chochote.

Miaka yote hiyo ya shule.

Jumatatu nikarudi kaunta. Bosi alinijaribu kwa majina ya dawa mpaka akachoka yeye. Kitambaa cha rafu nilimkabidhi shemeji yake mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Funzo ni hili. Ukiwa na ndugu aliyepona saratani halafu kichwa kinamsumbua, usimsimamie na kumwambia avute pumzi. Mtafutie waliougua kama yeye, wape viti, kisha toka chumbani.

Na ukishatoka usitege sikio. Anayesemwa ni wewe.