Niliondoa Tawi, Papa Mulenga Akabeba Kosa

Ni mimi niliyeliondoa lile tawi. Si Papa Mulenga, ni mimi! Naandika hilo kwanza, ili hata ukiacha kusoma hapa uwe umeshajua.

Jina langu usilitafute. Mimi ni kijana wa Ruashi, shule niliiacha katikati, ninatengeneza kinga kando ya barabara. Kinga ni baiskeli, sisi hapa Lubumbashi njo tunaita vile. Ninapenda kinga kuliko chakula! Wenzangu wanaota magari. Mimi nilikuwa ninaota kuongoza wageni kwa kinga, kwenye njia za changarawe, ndani ya pori, juu ya vilima, mpaka ziwa la barrage, lile la ukuta uliozuia mto, linatokea kule chini linang'aa. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya fulana zetu.

Njia hizo nilionyeshwa na yaya yangu, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja. Yeye alikuwa anabeba makala, makaa ya kupikia. Kama hujawahi kuona, mifuko inasimamishwa juu ya kinga mpaka inapita kichwa cha mwenye kuisukuma, na freni, breki yake, ni kipande cha tairi la gari anachokibana kwenye gurudumu kwa mguu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anashuka vilima, mpaka barabara kubwa ambako camion, yale malori, zinapakia. Mara nyingi nilimfuata kule kambini kwao.

Mkubwa wa kambi alikuwa Papa Mulenga, mchoma makala wa zamani, mfupi, mwenye maneno ya kuchekesha. Yeye ndiye aliyekuwa anachunga njia. Kule kila mtu anajua: ukikuta tawi bichi limelazwa mdomoni mwa njia, hupiti. Mbele kuna hatari. Hakuna kuuliza.

Baada ya mvua za kwanza, maji yalichukua daraja la miti kwenye njia ya chini. Papa Mulenga akalaza tawi, kisha akawaambia wabebaji wote pale kambini, na mimi nikiwepo:

"Njia ya chini imefungwa. Nikimaliza kutengeneza daraja, mi mwenyewe nitatoa tawi. Mukiona tawi haiko, mupite."

"Na kama mbuzi imeikula?" yaya akamchokoza.

"Basi utashuka na ile mbuzi, mutaanguka bote, na sisi tutakula nyama!"

Tulicheka. Mungu wangu, tulicheka!

Siku ya Mungu, Jumapili iliyofuata, bahati yangu ikaja. Vijana wa mjini wenye kinga nzuri, zile za matairi ya meno, walinichukua niwaonyeshe njia za vilima. Mkubwa wao alikuwa mtu wa mtaa wa Karavia, sisi wote tulimwita patron, bosi, naye akaniita petit, mdogo. Asubuhi nzima tulizunguka, nikiwa mbele, nikiimba. Tulipofika kwenye njia panda, pale njia ya chini inapoanza kushuka, ziwa lote likafunguka kati ya miti.

"Simameni!" patron akasema, akatoa telefone. "Hapa njo tunapiga video. Lakini ile tawi inaharibu. Inaonyesha kama njia imekufa."

"Imefungwa, patron. Chini daraja haiko."

"Kwani nani anashuka, petit? Tunapiga hapa juu tu, tunarudi."

Nilijua maana ya tawi lile! Hilo ndilo linaloniua. Mgeni angekuwa na sababu ya kusema hakujua. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nataka video iwe nzuri, nilikuwa nataka wanipende. Nikalishika kwa mikono miwili, nikalitupa korongoni, nikageuka nikachekea telefone. Nikasema moyoni, tukimaliza nitakata lingine.

Tulipomaliza, patron akanipiga bega: "Petit, tutaleta na wengine. Wewe njo utakuwa unatuongoza." Mama wee! Nilipanda kinga kama mtu aliyelewa. Tawi? Nilisahau kabisa.

Jioni, nyumbani Ruashi, nikiosha kinga, nikakuta jani limenasa kwenye gurudumu. Ndipo nikakumbuka. Nikampigia yaya, kule kambini mtandao hakuna. Nikajiambia, si kitu, Papa Mulenga atapita, ataona, atalaza lingine. Nikala. Nikalala vizuri.

Kesho yake asubuhi yaya akatoka kambini na mifuko yake. Akafika njia panda, akaona tawi haliko. Akafurahi! Wenzake waliokuwa nyuma walimsikia anapaza sauti: "Papa Mulenga amemaliza daraja!" Akashuka. Kinga yenye mzigo ule haisimami kwa sababu umeitaka isimame. Akaingia korongoni, na mifuko yote ikamfuata.

Hakufa. Lakini mgongo ulivunjika, na miguu haikusikia tena. Yaya yangu aliyesukuma nusu ya pori kwa mikono yake, leo mama na mimi ndio tunamgeuza kitandani.

Sasa sikia jambo ambalo ni baya kuliko lile.

Kambi nzima ilimlaumu Papa Mulenga. Wengine walisema hakulaza tawi siku ile aliyosema. Wengine walisema alilitoa mwenyewe akasahau, uzee umemwingia. Mzee akafunga safari mpaka kwetu Ruashi, na mihogo ndani ya kitambaa. Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mutoto yangu, minajua nililaza ile tawi. Mikono yangu inajua. Lakini bote banasema hapana. Basi labda kichwa njo imeniacha. Unisamehe."

Yaya akalia. "Papa, simama. Mimi nimekusamehe. Simama, Papa."

Na mimi? Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika kopo la maji. Nikampa mzee, akanywa. Akanishukuru! Akanibariki, akasema mimi ni mtoto mwenye moyo. Nikapokea kopo tupu, nikaenda kuliosha.

Kule kambini hakuna aliyemsikiliza tena. Akarudi kijijini kwake, ng'ambo ya ziwa. Video ilipendwa sana, patron akapiga simu mara nyingi, sikuitika. Mvua zikaisha, kiangazi kikapita, na mimi bado nimenyamaza.

Siku moja, nikiwa namwosha yaya mgongo, nikashindwa. Nikamwambia yote. Nilitaka anitukane, hakunitukana. Aliangalia ukuta.

"Basi mi nilisamehe muntu mwenye hakukosa," akasema. "Na wewe ulikuwa pale, unashika kopo."

"Yaya..."

"Enda umwambie. Mpaka umwambie, usiniguse."

Nilienda kwa kinga. Karibu na kijiji nikakuta tawi bichi limelazwa njiani. Nikasimama, nikaacha kinga, nikaenda mbele kwa miguu kutazama: njia nzuri kabisa. Mbele kidogo, tawi lingine. Njia ya kisima, tawi. Njia ya shamba, tawi. Nikamwuliza binti wa Papa Mulenga, aliyekuwa anatwanga mihogo.

"Ni papa," akasema. "Kila asubuhi anakata, anafunga njia zote. Anasema hajiamini tena, heri afunge zote. Batoto banamucheka. Sisi tunaruka tu."

Papa Mulenga alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, panga mapajani. Nilipiga magoti. Nikamweleza yote: video, korongo, jani kwenye gurudumu. Nililia mpaka sauti ikakatika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika kichwa kwa upole.

"Una moyo muzuri, mutoto yangu. Yaya yako alikutuma unitulize, eh? Usijichafue juu yangu. Ni mimi nilisahau."

"Papa, ni kweli! Nililiondoa mimi!"

"Merci, mutoto. Merci." Akasimama na panga lake, akanisindikiza, akitoa matawi mbele yangu na kuyarudisha nyuma yangu.

Hakuniamini! Nilichelewa mpaka ukweli wenyewe ukaonekana kama huruma. Yaya nilimweleza. Sasa ananiacha nimwoshe, lakini haongei.

Basi wewe uliyefanya kosa na mwingine analibeba, sema leo! Usingoje upate maneno mazuri. Sema wakati huyo mtu bado anakumbuka mikono yake ilifanya nini. Baadaye utasema, na hatakusikia.

Nawe unayependa njia zile za vilima, ukikuta tawi bichi limelazwa, liache. Kuna mtu analitegemea. Na ukifika ng'ambo ya ziwa, ukamwona mzee mfupi mwenye panga anafunga njia ambayo haina ubaya wowote, usimcheke. Huenda wewe, usiye ndugu yake wala ndugu yangu, atakuamini. Mwambie: Papa, ulililaza. Tawi lilikuwepo.