Gogo Lenye Maua

Jumamosi iliyopita fundi wangu wa cherehani, Mkongomani wa hapa mtaani La Rochelle, alinialika twende kutazama mashindano ya farasi nje kidogo ya Johannesburg. Nikavaa suti nyeupe aliyonishonea mwenyewe, nikidhani tutaketi jukwaani kama waheshimiwa. Kumbe farasi wenyewe hukata mbuga wakiruka magogo na madimbwi, na watazamaji huwafuata kwa miguu.

Viatu vikanibana. Nikaona gogo safi, limepambwa maua huku na huku. Nikakaa, nikafungua sambusa zangu, nikimshukuru moyoni aliyetufikiria sisi wenye vitambi.

Filimbi ikalia. Nikadhani ni ya waegesha magari. Ikalia tena, na mama mmoja mwenye kizibao cha njano akaja mbio akipunga mikono.

"Bwana, ondoka! Hicho ni kiunzi cha farasi kuruka, si benchi!"

Nikageuka. Farasi mweusi alikuwa ananijia, ardhi inatetemeka. Nikajitupa kando, puu, kwenye tope. Farasi akaruka palepale nilipokuwa nimekaa, akaenda zake na mpandaji wake salama.

Fundi akafika akihema, mikono kichwani.

"Eish! Mungu wangu!"

"Usijali, ndugu yangu," nikamwambia, "mimi ni mzima."

"Nani amekuuliza wewe, papa? Mimi nalilia suti!"

Basi, msomaji, ukienda huko vaa buti na utege sikio usikie filimbi. Na ukiona kiti kizuri hakina mtu, jiulize kwanza kwa nini wenzako wote wamesimama.