Siku Niliyouweka Wembe Chini ya Hadubini

Jamani, hili jambo sijawahi kulisimulia kwa hiari yangu, huwa linasimuliwa na wengine mimi nikiwa nimekaa pale pale, nacheka kidogo ili nisionekane nimenuna. Leo nalisema mwenyewe, maana wenzangu wanaliongezea chumvi, na kusema kweli aibu yake ilijitosheleza.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, ukienda mnadani unakuta vitu ambavyo miaka michache nyuma ulikuwa unavisikia tu. Mimi nilikuwa kinyozi pale sokoni Utemini, nanyoa kwa wembe wa kukunja, ule mrefu wenye mpini, naunoa kwenye jiwe, halafu naupitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka unakata unywele wa mkono kabla hujahisi kitu (nilikuwa najivuna sana, sifichi). Sasa UKIMWI ukaanza kutajwa kila kona, na jirani yangu Shabani, kinyozi kama mimi, akaleta viwembe vya pakiti, mteja mmoja kiwembe kimoja, kikitumika kinatupwa. Wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja, tena wakinisalimia vizuri tu wakati wanapita.

Na mimi nilikuwa nataka kuoa. Nilimpenda Neema, binti wa Mzee Kitundu wa kijiji cha Mkiwa, nilimpenda hasa, na mzee alishasema hatamtoa binti yake kwa mtu ambaye kazi yake inakufa. Akaahidi atakuja Jumamosi nimnyoe, ajionee.

Nikaona dawa ni kuwaonyesha watu kwa macho yao kwamba wembe wangu ni mkali na ni msafi (nilikuwa nauchemsha, Mungu shahidi). Mzee Juma, fundi saa wa jirani, akanipa kile kijioo cheusi wanachokibana kwenye jicho. "Elia mwanangu, hiki kinatosha," akaniambia. "Kitakuonyesha makali yalipopinda, unanoa, basi. Ukikuza zaidi ya hapo utaona mambo yasiyokuhusu."

Mimi nikakiona kidogo. Kijioo cha ukubwa wa kizibo cha soda nani atakiheshimu? Mnadani nilikuwa nimeona hadubini nzima, ya shaba, ina kioo chini cha kunasa jua, na mwenye mali akakubali tubadilishane na redio yangu. Nyumbani nikajaribu kuuangalia wembe nikashindwa kupata picha, nikaweka mguu wa siafu, nikauona vizuri mpaka vinyweleo, nikaridhika kabisa. Yaani wembe wenyewe sikuuona hata mara moja, na Jumamosi nikaitoa hadubini nje, juu ya meza, mbele ya foleni ya Shabani.

Mzee Kitundu akafika. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamkalisha, nikampaka povu, nikanyoa upande wa kushoto, laini. Foleni ya Shabani inatazama. Hapo ndipo kichwa kikanivimba. Badala ya kumaliza shavu la pili la mzee wa watu, nikatoka na wembe ulivyo, sikuufuta wala nini, nikauweka chini ya hadubini na kutangaza, "Karibuni muone makali yenyewe!"

Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza vitunguu. Akainama, mimi nazungusha kale kadude ka pembeni, nazungusha, mara akaguta, "Mbona huu ni msumeno?"

Nikacheka. Nikainama na mimi. Lahaula! Ulikuwa msumeno kweli, meno na mapengo, wembe uleule ambao ukinyoa mtu anasinzia. (Baadaye Mzee Juma alinieleza kwamba wembe wowote ukiukuza namna ile utaona meno, hata kiwembe cha Shabani. Baadaye!) Akaja mwingine akaangalia, akasema kuna kitu kirefu cheusi kimelala kwenye makali, kina magamba. Ulikuwa unywele wa ndevu za Mzee Kitundu, basi, lakini mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ndicho kijidudu chenyewe cha ule ugonjwa!"

Sijui kama mnanielewa. Watu waliruka nyuma wote kwa mara moja. Mzee Kitundu akainuka kitini, kitambaa shingoni, akaja akachungulia. Kisha akaanza kutembea kuelekea stendi, shavu moja jeupe kwa povu.

Nikaona Neema anaondoka hivi hivi. Nikanyakua wembe nikamkimbilia, nikipiga kelele, "Baba subiri, ni unywele wako! Nitakuthibitishia!" Kumbe wembe niliushika wazi, juu juu, na mtu anayemkimbiza mzee sokoni na wembe wazi haulizwi nia yake. "Anamchinja mzee! Mkamateni!" Nikapigwa ngwala mbele ya wauza alizeti, wakanikalia watu watatu.

Mzee akarudi, akawaambia waniachie. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Mwanangu, wembe ningekusamehe," akasema. "Lakini haya ya kunikimbiza, mama yake Neema nitamwelezaje?" Halafu, na povu lake lililokauka, akaenda kwa Shabani kumaliziwa shavu la kulia. Walizungumza muda mrefu. Niliwaona wakicheka.

Tangu siku hiyo sijamwonyesha mteja chochote zaidi ya kioo cha kujitazama, na sitamwonyesha mpaka naingia kaburini. Neema aliolewa mwaka uliofuata. Asubuhi ya harusi yao, Shabani alikuja kwangu, maana mtu hawezi kujinyoa mwenyewe vizuri siku kama ile, akakaa kitini, akafumba macho, akaniambia nitumie wembe wangu wa siku zote. Nikamnyoa. Hata tone la damu halikutoka.