Firigisi ya Dereva

Maloba wa Buteba alikuwa na wivu, na tuliseme hilo mapema asije mtu akautafutia jina zuri zaidi. Alimwonea wivu mtu mmoja tu, Zubairi, kwa ajili ya kiti kimoja tu: kiti cha chuma cha trekta dogo la Kijapani ambalo chama cha wakulima kililetewa mwaka wa sabini na tano.

Kiti hicho kilikuwa cha Maloba kwanza. Fundi aliyelileta trekta alikaa Buteba wiki mbili, na wiki hizo mbili Maloba hakumpa nafasi hata ya kwenda msalani kwa raha. Alijifunza kila kitu, hasa ile gia fupi iliyo chini ya kiti, inayoyapa nguvu magurudumu ya mbele. Kwenye matope, mchanga au mlima, au jembe likizama, unganisha. Ukitoka kwenye udongo laini ukaingia barabara ngumu, fungua, maana huko magurudumu hayana pa kuteleza, ya mbele yanashindana na ya nyuma, na mwishowe meno ya ndani ndiyo yanayokatika. Maloba aliliimba somo hilo kila jioni mpaka mkewe Kevina naye akawa analiimba akipura mtama.

Misimu miwili alilimia watu. Na huko, mwenye shamba humchinjia dereva kuku, na firigisi, ambayo siku nyingine zote ni ya mwenye nyumba peke yake, siku hiyo huwekwa kwenye sahani ya dereva. Maloba alikula firigisi za waume wa watu hadi akaanza kutembea kifua mbele.

Kisha akaja mkuu mpya wa kaunti, mwanajeshi, akauliza nani ana leseni. Maloba hakuwa nayo. Zubairi, Mwislamu wa Busia, mji wa mpakani, aliyeendesha malori tangu ujana, alikuwa nayo, imekunjwa vizuri mfukoni. Basi Zubairi akapanda na Maloba akashuka, akawa utingo wa kufunga jembe na kubeba debe la mafuta.

Kibaya zaidi, Zubairi hakuwa mtu mbaya. Alimwita ndugu yangu na kumgawia sigara. Angekuwa na roho mbaya, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi.

Gia ya mbele ilikuwa imeanza kuchakaa, ikawa inaruka yenyewe trekta likiwa kazini. Zubairi akafanya walichofanya madereva wengi wa malori pale mpakani gia ikiruka: alichukua ukanda wa tyubu kuukuu, akaifunga gia kwenye chuma cha kiti mizunguko mitatu, akaiacha hapo. Shambani, magurudumu yote manne. Barabarani, yote manne. Maloba aliona, mdomo ukamwasha, akaufumba.

Ikafika siku ya kulima shamba la Maloba mwenyewe. Kuku alikuwa wake, jogoo mwekundu. Zubairi alimchinja kwa mkono wake kama dini yake inavyotaka, Kevina akapika, akapakua, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya Zubairi.

"Ni desturi, baba Taaka," alimwambia mumewe baadaye. "Dereva ni dereva."

Lakini Maloba alikuwa amemtazama yule mtu akitafuna polepole, macho ameyafumba kwa utamu, nyumbani kwake, kwenye kigoda chake. Tangu siku hiyo aliomba trekta livunjike, na aliomba kwa jina la Mungu bila haya.

Mwezi wa kwanza ikatoka amri kwamba matrekta ya vyama yapelekwe Tororo, yapite mbele ya wakubwa siku ya sherehe ya wanajeshi kushika nchi. Kilikuwa kiangazi, na barabara ya murramu imekauka ikawa ngumu kama sakafu. Kwenye kila kona matairi ya mbele yalilia. Kabla ya kuingia mjini, Zubairi alisimamisha trekta akageuka.

"Ndugu yangu, hii kitu nalia huku mbele. Usukani mzito sana. Wewe ulikaa na fundi, alisema nini?"

Maloba aliutazama ule mpira mweusi. Kisu kilikuwa mfukoni mwake. Ilihitajika sentensi moja tu, nayo alikuwa akiijua kwa wimbo.

"Hakuna shida," akasema. "Trekta ya Japani nalia hivyo. Twende."

Walipanda kwenye lami ya Tororo, na pale pale, mbele ya wakubwa, kitu kililia paa! ndani ya ekseli. Magurudumu ya mbele yakakwama, trekta likasimama limeziba njia. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi kuharibu mali ya serikali kuliitwa hujuma, na wengi waliochukuliwa kwa jina hilo hawakurudi kwao. Kapteni mmoja akaja mbio.

"Nani dereva?"

Miezi mingapi Maloba alikuwa ametamani kulijibu swali hilo! Aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mimi, afande," alisema Zubairi. Askari wakamtupa nyuma ya Landrova.

Maloba alirudi Buteba peke yake. Kevina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Gia ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa."

"Na hukumwambia," alisema Kevina, na tangu jioni hiyo hakuimba tena.

Fundi mmoja aliondoa vyuma vilivyovunjika, trekta likabaki kuvutwa na magurudumu ya nyuma tu, na mkuu wa kaunti akasema Maloba aendeshe, leseni au la. Mvua za kwanza akazama bondeni, akavutwa na ng'ombe watu wakitazama. Lakini kiti kilikuwa chake.

Zubairi aliachiwa baada ya wiki saba. Alikuja na mkewe Habibah kuwaamkia, akitembea kwa fimbo. Kevina akamkamata kuku, ila vidole vya Zubairi vya mkono wa kulia havikukunjika kushika kisu, basi Habibah ndiye akachinja. Chakula kilipoiva, Kevina aliiweka firigisi mbele ya mgeni.

Zubairi akaisukuma kwa mkono wa kushoto hadi kwa Maloba.

"Kula wewe. Wewe ndiyo dereva sasa." Akatabasamu kwa meno yaliyobaki. "Wale watu walitaka wewe pia, ndugu yangu. Kila siku wanauliza, na huyu mwingine, hakujua? Mimi nasema hapana, Maloba hajui ile gia. Angejua, angeniambia."

Maloba akaitia firigisi mdomoni. Kevina alisimama mlangoni akimtazama mpaka akameza.